Kiti cha Kichwa Nusu

Nyamirambo, alasiri, kesho unasafiri

Dija wangu,

Umekwenda Ndera kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia mpaka umalize viazi vyake na habari zote za majirani wapya waliojenga hadi mpakani mwa maharage yake. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunga mapema, wateja nimewaambia mkono unaniuma, jambo ambalo si kweli, na nimekaa kwenye kiti chako cha pembeni, kile cha karibu na soketi. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo vidole hivi vimeshika kitana zaidi ya kalamu. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Naanza kama unavyoanza wewe. Mipango yako yote ya programu niliyoiona ina sehemu ya mwanzo inayoitwa "Yasiyomo". Siku ya kwanza nilidhani umekosea. Nikakuambia, mtu anayejenga nyumba haanzi kwa kutangaza vyumba ambavyo hatajenga. Ukacheka, ukaniambia, "Mama, nisipoandika nisichofanya, kila mtu ataleta chake, msaidizi wa akili bandia naye ataongeza vyake, halafu mwisho nitakuwa na kitu kikubwa ambacho hakuna aliyekiomba."

Basi katika barua hii hayamo haya: utakula nini, utavaa nini ukivuka Rusumo, nani umpe namba yako ya simu na nani umnyime. Hayo nimeyasema kwa mdomo mpaka unayajibu kabla sijamaliza. Wanaume wa Mwanza pia hawamo.

Kilichomo ni kile nilichokiona ulipokuwa umekaa kwenye kiti hiki. Nadhani wewe mwenyewe hukukiona, maana ulikuwa umeinama. Na kuna hofu yangu moja, ambayo sitaki kuificha hadi mwisho: naogopa kwamba huko uendako mtu atakuharakisha kama nilivyokuharakisha mimi, na wewe utamtii kama ulivyonitii.

Unajua mimi na haraka. Nilikuzaa bado msichana, na hadi leo wateja wapya wanauliza kama wewe ni mdogo wangu, nami nachelewa kidogo kujibu kwa sababu napenda. Lakini mama kijana ana shida yake. Kila kitu anakifanya kwa pupa, anataka mtaa mzima uone kwamba mambo yake yamenyooka. Unakikumbuka kibao? Kile chenye mwanamke wa nywele ndefu, jicho moja linaangalia msikitini na jingine linaangalia kituo cha basi. Nilikichoresha kabla sijapata chumba cha saluni. Fundi rangi aliniuliza ukuta una upana gani, nikamwambia wewe chora tu, ukuta utapatikana. Kikakaa chini ya kitanda chetu miaka, wewe ukikitoa na kukifanya meza ya kuchorea. Ukuta ulipopatikana, kibao kikawa kirefu kuliko ukuta, tukakikata mwisho, "Mama Dija" ikabaki "Mama Di". Ndiyo maana mpaka leo mtaa mzima unaniita Mama Di.

Baba yako naye nilimkubali hivyo hivyo, kabla sijamuuliza swali hata moja la maana. Zaidi ya hapo sisemi. Liko kwenye yasiyomo.

Sasa twende kwenye Idd ya kuchinja ya mwaka jana. Sisi wasusi tulikuwa tumeshaungana kuwa ushirika, viti vyetu vyote chini ya paa moja, na Bi Mwajuma ndiye mwenyekiti. Kila sikukuu ilikuwa ugomvi wa foleni. Huyu anasema alipiga simu jana, yule anasema amekaa tangu asubuhi, msusi naye anamficha mteja wake nyuma ya pazia. Bi Mwajuma akasema, mtoto wa Mama Di si anasoma mambo ya kompyuta, atutengenezee programu ya foleni. Nilijaa kifua kama mtu aliyetajwa redioni.

Wewe ukaomba muda. Nikakuona umekaa hapa, unamwandikia yule msaidizi wako wa akili bandia, unasoma anachojibu, unafuta, unaandika tena. Siku zikapita. Nikichungulia naona maneno matupu, hakuna picha, hakuna kitufe cha kubonyeza. Na watu wananiuliza. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Si ulisema hiki kitu kinaandika programu chenyewe? Basi kiache kiandike."

"Mama, bado sijajua ninataka kiandike nini."

"Foleni, Dija. Ni foleni tu. Watu wanakaa, watu wanatoka."

Uliniangalia, na nilijua kabisa unaona kitu ambacho mimi sikioni. Lakini mimi ni mama yako. Ukageuka, ukaandika ombi moja fupi, na chai haijachemka programu ikawa tayari. Wallahi sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Viti vyote vimechorwa, kilicho wazi kijani, chenye mtu chekundu. Mteja akiinuka unagusa, kiti kinakuwa kijani, simu ya mteja anayefuata inalia. Nilikwenda mpaka kwa yule mama wa chapati ng'ambo ya barabara kumwonyesha. Nikamwambia mwanangu ameimaliza kazi ndani ya saa moja. Nilisema "ndani ya saa moja" kama vile ndiyo sifa.

Wewe unajua kilichotokea, lakini niache nikieleze, maana nilikuwa sijawahi kukieleza kwa maneno hata kwa nafsi yangu, na hapo ndipo kila kitu kilipoanguka.

Kichwa cha rasta nyembamba hakiishi kwa mkao mmoja. Mteja anasukwa nusu, halafu anaona muda wa kumchukua mtoto shuleni umefika, au wa swala, au maziwa yamemjaa na kichanga kiko nyumbani. Anafunga kitambaa, anatoka. Kiti chake kinabaki na pakiti yake ya nywele juu, na hakuna atakayekikalia hata saluni ikiwa imejaa hadi barazani. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Niliikuta, nikaifuata. Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikujua kama ni kitu cha kuambiana. Ni kama kumwambia mtu kwamba mlango unafunguka.

Yule madamu wa Kacyiru, anayefanya kazi wizarani, aliyekulia Uganda, alikuwa anasukwa na Furaha kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Akafunga kitambaa, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kumchukua mtoto. Wewe ulikuwa mlangoni na simu, ukafanya kama programu ilivyotaka. Mteja ameinuka, ukagusa. Kijani. Simu ya mwingine ikalia, na huyo mwingine alikuwa hapo hapo nje. Pakiti ya nywele ikasogezwa dirishani. Furaha aliporudi kutoka kunawa, akakuta kichwa kingine kimekaa, na mwenye kichwa ameshafumua nusu ya nywele zake.

Madamu akarudi na mtoto mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kiti yangu iko wapi?" Kisha akavua kitambaa mbele ya watu wote, upande mmoja rasta zimelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima. Kuna waliocheka. Yeye hakucheka. Akafunga kitambaa chake, akachukua pakiti yake, akaondoka. Tukasikia baadaye kwamba harusini alivaa kilemba mwanzo hadi mwisho.

Furaha, Mkongomani wetu ambaye hajui kuuma maneno, alisema, "Hii mashini yenu iko na mbio, lakini haina macho." Akaipa jina Bwana Sawa, kwa sababu ulikuwa umemwonyesha jinsi inavyojibu, na kila unachoiambia inasema sawa, wazo zuri. Saluni nzima ikacheka tena. Na mimi, badala ya kusema kwamba ni mimi niliyekusukuma, nikasema kompyuta ndivyo zilivyo. Wewe ulikuwa kwenye pipa la maji, umegeukia ukuta, unajifanya unasuuza taulo.

Mwanangu, mpaka leo sijui ulizungumza na nani siku zilizofuata, maana na mimi hukuzungumza sana. Ulifuta programu yote. Nilikuona ukifanya hivyo na roho iliniuma, nikakuuliza kwa nini usirekebishe tu pale palipoharibika. Ukaniambia maneno ambayo mtu anayesuka anayaelewa haraka. Ukasema, "Mistari ya mwanzo ndiyo iliyopinda."

Nilipokuwa najifunza kazi hii nilikuwa naanzia mbele, kwenye kipaji cha uso, ili mteja akijiangalia kwenye kioo afurahi mapema. Nafika kisogoni mistari haikutani. Yule aliyenifundisha alikuwa ananifanya nitenge kichwa kizima kwanza kwa mkia wa kitana, kipaji hadi kisogo, bila kusuka hata msuko mmoja. Mstari wa kitana unaufuta kwa kidole. Msuko ukishaukaza, kuufumua ni kumliza mtu. Nimeishi na elimu hiyo vidoleni miaka yote hii, na sikuwahi kufikiri kwamba ni elimu ya kitu kingine chochote zaidi ya nywele.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka huu ukaenda mwenyewe kwa Bi Mwajuma. Sikukutuma, hata sikujua. Ukamwomba akupe nafasi tena, naye akakuambia una mpaka mwisho wa mfungo, na ukishindwa ushirika utarudi kwenye foleni ya midomo na asisikie tena neno kompyuta. Na wakati huo huo wale watu wa Mwanza, wanaotengeneza programu za hospitali, walikuwa wamekuandikia kwamba watakuchukua ukiwaonyesha kazi yako moja inayotumika na watu wa kweli. Kazi nyingine hukuwa nayo. Kwa hiyo safari yako yote ilikuwa imekaa kwenye viti vyetu hivi, na sisi wenye viti tulikuwa bado tunakutania.

Nataka ujue nilichokiona mwezi ule.

Siku ya kwanza ya mfungo ulifungua kompyuta, nami nikasimama nyuma yako na kitana mkononi. Uliandika kwa Kiswahili nikaweza kusoma. "Usiandike programu. Niulize maswali kwanza, moja moja, mpaka uelewe saluni hii inavyofanya kazi." Nikafikiri, sasa mwanangu anaiomba mashine imuulize, badala ya yeye kuiuliza mashine. Lakini maswali yakaanza kuja. Je, mteja anachagua kiti au anachagua msusi? Je, wasusi wawili wanaweza kusuka kichwa kimoja? Mteja akichelewa, nani anaamua kumsubiri? Na ukawa unainuka na kila swali, unapita kiti hadi kiti, wanawake wanajibu huku wanasuka, midomo mikavu kwa saumu, wanabishana, Furaha anasema hivi, mwingine anasema kwetu si hivyo. Unarudi, unaandika. Unainuka tena.

Halafu likaja lile swali. Ulilisoma kwa sauti: "Je, mteja anaweza kuondoka kabla kazi haijaisha, na kurudi?"

Mikono yote ilisimama, Dija. Furaha ndiye aliyeongea wa kwanza. Akasema, "Aa. Kumbe hii ndiyo ilipaswa kuuliza." Wewe ukajibu polepole, bila kiburi chochote, kwamba haikuuliza kwa sababu mara ya kwanza hukuipa nafasi ya kuuliza. Hukunitazama uliposema hivyo. Ungeweza kunitazama. Hiyo nimeiweka moyoni.

Uliporudi kitini ukatengeneza hali ya tatu ya kiti. Si kijani, si nyekundu. Ukawauliza wasusi iitwe nini na wakakupa jina moja kwa pamoja: "Anarudi". Rangi ya njano.

Nilidhani sasa utaandika. Hapana. Ulimwambia msaidizi aandike mpango wote kwa maneno ya kawaida, bila programu, na ukatusomea kama mtu anayesoma khutba, na sisi tukakukatiza kila mstari. Msaidizi alikuwa amependekeza programu ionyeshe ukutani nani anasuka haraka kuliko wote. Bwana Sawa anapenda kuongeza vitu, sijui nani alimtuma. Bi Mwajuma akasema hiyo itatugombanisha mpaka tuvunje ushirika, ukaitoa, ukaiandika kwenye yasiyomo. Nilikuangalia usoni nione kama imekuuma kuondoa kitu ulichokitengeneza. Hata kidogo. Ulifuta kama mimi ninavyofuta mstari kwa kidole. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa unakawia kwenye maneno: wakati ule kufuta kulikuwa hakumuumizi mtu yeyote.

Na hukuamini sifa. Hilo ndilo ninalokuhusudu zaidi, maana mimi mtu akinisifu tu, nampa mpaka kiti changu. Ulifungua mazungumzo mapya kabisa, ambayo hayakujua kitu kuhusu sisi, ukaupa ule mpango na kuandika: jifanye mtu anayetaka ushirika huu ushindwe, niambie nitashindwa wapi. Yule yule aliyekuwa anasema sawa, sasa akawa na lakini nyingi kuliko Bi Mwajuma. Umeme ukikatika? Simu ya mlangoni ikizima? Wateja wawili wenye jina moja? Furaha akambatiza upya papo hapo, akamwita Bwana Lakini, akasema huyu ndiye mume wa kumtafuta, anayekubishia kabla ya harusi na si baada. Hizo lakini zake, nyingine ulizikubali, nyingine ukazikataa. Alipotaka tuweke kamera mlangoni, ulicheka peke yako na ukaandika "hapana" bila maelezo. Niliona kwamba anayeamua ni wewe. Mwanzoni nilidhani mashine ile inafikiri badala yako. Kumbe ilikuwa inakushikia kioo, na unayejiangalia na kujirekebisha ni wewe.

Kuna swali moja hukulijibu. Msaidizi aliuliza Idd itakuwa tarehe gani, ili ajue siku ya msongamano. Furaha, Mkatoliki, ndiye aliyecheka zaidi, akasema mwambie atoke nje aangalie mwezi kama wengine. Mimi nikasema weka tarehe yoyote, utabadilisha. Ukakataa. Ukaandika mwisho wa mpango sehemu inayoitwa "Yaliyo wazi", na humo ukaandika kwamba siku ya Idd haijulikani hadi mwezi uonekane, kwa hiyo lazima Bi Mwajuma aweze kuisogeza kwa mguso mmoja. Ukaniambia, "Nisilolijua siliziby, Mama, naliachia mlango." Nimeandika "siliziby", kalamu imeteleza. Ulisema "silizibi". Nimeliacha hivyo ucheke.

Katikati ya mwezi Bi Mwajuma alikuja kusimama hapa mlangoni. Akauliza, mbele ya wote, programu iko wapi, mbona mwezi unaisha na yeye anaona mazungumzo tu. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Wote wakaniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyejulikana kwa kusema imeisha. Mdomo ulikuwa tayari kusema iko tayari kesho. Nilihisi neno lenyewe kwenye ulimi.

Nikasema, "Bado anauliza."

Bi Mwajuma akasema, "Mama Di, leo umenishangaza," akaenda zake. Sikukuambia. Nakuambia sasa ili ujue kwamba mtu wa haraka anaweza kubadilika akikaa karibu na mtu kama wewe.

Ulipoanza kuandika programu yenyewe ilikwenda kama maji. Kipande kidogo, unakijaribu na sisi, kinachofuata. Palipokwama ulirudi kwenye mpango kwanza, ukarekebisha maneno, ndipo ukagusa programu. Nilikuwa nasuka na kuangalia, na mara kadhaa nilimkaza mteja nywele bila kujua.

Halafu mkesha wa Idd. Saluni imejaa hadi ngazini, hina mikononi, watoto wanalia, na hakuna anayejua kama ni kesho au keshokutwa. Furaha alikuwa amempigia simu madamu wa Kacyiru. Sijui alimwambia nini. Lakini alikuja, akakaa kiti kile kile. Nusu ya kichwa ilipofika akatazama saa yake, akafunga kitambaa. Akapita mlangoni kwako, ukagusa, kiti kikawa njano, jina lake juu yake. Nje watu wanasubiri, mmoja akaanza kulalamika kwamba kiti kiko wazi hapo, mbona hakipewi mtu. Ukamwambia kwa adabu, "Kina mtu, dada. Anarudi."

Na alirudi. Alisimama mbele ya simu ya mlangoni, akasoma jina lake. Akaenda akakaa, akavua kitambaa, akamwambia Furaha, "Endelea, mama." Basi. Jioni habari ya mwezi ikafika, Bi Mwajuma akagusa mara moja, na foleni yote ikasogea bila mtu kugombana na mtu.

Wale wa Mwanza walipokupigia kwa video nilikuwa jikoni, na ukuta wetu unaujua, hauna siri. Nilisikia yule bwana akisema programu ameiona, ni nzuri, lakini anataka kuuona mpango. Ukamwonyesha. Akausoma, halafu akakuuliza nani alikufundisha kuanza na yasiyomo na kumaliza na yaliyo wazi. Nilishusha sufuria isipige kelele. Nikadhani utataja kozi ya kwenye mtandao, au msaidizi. Ukasema, "Niliharibu kichwa cha mtu, nikajifunza." Hukumtaja aliyekusukuma.

Sasa unakwenda kuandika programu za wodi za wazazi. Huko mama anainuka kitandani kwenda kuoga na anarudi, mtoto anapelekwa kupimwa na anarudi, na kitanda si kiti cha saluni. Atakuja mtu mwenye cheo, mwenye suti, mwenye sababu nzuri, atakuambia ni wodi tu, watu wanalala, watu wanatoka, si unacho kitu kinachoandika chenyewe? Atakuwa anakupenda pengine, kama mimi. Siku hiyo usinikumbuke mimi wa Idd ya kuchinja. Nikumbuke nimesimama mbele ya Bi Mwajuma na ulimi unaniwasha, nasema bado anauliza. Mwambie hivyo hivyo. Ukitaka mwambie ni mama yako amesema.

Na waulize manesi wakiwa wanafanya kazi, si ofisini. Mambo wanayoyajua mno hawatakuambia wenyewe. Mimi ni mama yako, nakupenda, tunalala chumba kimoja, na bado sikukuambia habari ya kichwa nusu.

Nasikia moto imesimama nje, labda ni wewe, kwa hiyo namalizia kama unavyomalizia.

Yaliyo wazi. Sijui nani atakaa kwenye kiti hiki cha soketi jioni. Sijui kama Mwanza wanajua kusuka, au utaniletea kichwa kilichopinda mistari. Sijui kama utapenda huko kuliko hapa. Zamani ningejaza majibu yote leo leo, nikachoresha na kibao. Sasa nayaachia mlango.

Moja tu nimelijaza. Asubuhi, ulipokuwa unafunga begi, niliingia kwenye programu yako kwa simu ya mlangoni. Kiti cha pembeni hakikuwemo, maana si cha wateja, na sikujua kukiongeza, nikamwita Furaha tukasumbuka wote wawili mpaka kikakubali. Tumeandika jina lako. Ukipita kesho na begi lako, usimame kidogo usome. Ni cha njano.

Mama Di